Kuhusu Karata Inayofagia Meza, na Namna Kasumbalesa Inavyoikwepa

Miongoni mwa maafa yanayoweza kumpata mwanadamu akiwa ameketi, ni machache yaliyopangwa kwa ustadi kama lile lililobuniwa Marekani mwaka 1993, wakati mtaalamu wa hisabati Richard Garfield na kampuni ya Wizards of the Coast walipotoa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering. Katika mchezo huo kila mmoja hujiundia fungu lake la karata zisizopungua 60, huanza na karata saba mkononi na uhai wa pointi 20, kisha zamu baada ya zamu hushusha mezani viumbe wa kila sura, ambao kazi yao ni kumshambulia mpinzani mpaka pointi zake ziishe. Toleo hilohilo la kwanza lilikuwa na karata iitwayo Wrath of God, yaani ghadhabu ya Mungu, ambayo kwa malipo ya mana nne (mana ni nguvu inayotoka katika karata za ardhi, na kwa kawaida ardhi moja hutoa mana moja kwa zamu) huwaua viumbe wote waliopo mezani, wa huyu na wa yule, bila kubagua na bila kuomba radhi. Karata za aina hiyo ndizo zinazoitwa hapa karata za kufagia, na tangu siku hiyo wachezaji wamekuwa wakijifunza, kwa majuto makubwa, kutoshusha mezani kila walicho nacho.

Ufagiaji huo, kwa maandishi, ni wa haki tupu, kwa kuwa unawagusa wote sawasawa. Kwa matendo, anayeishika karata hiyo amekwisha kujua tangu zamu ya kwanza kwamba ataicheza, na kwa hiyo upande wake wa meza huwa mtupu kama kanisa siku ya Jumatatu, akingoja jirani yake ajaze upande wa pili. Haki inayowagusa wote lakini ikamuumiza mmoja si jambo geni mahali penye mpaka, na ndiyo sababu mji wa Kasumbalesa, uliopo kati ya Kongo na Zambia, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi, hauhitaji kununua karata za Kimarekani ili kuufahamu mchezo wenyewe. Pale ambapo malori ya shaba na kobalti hutoka Katanga na unga wa mahindi, vinywaji na vifaa vya viwandani huingia, pembezoni mwa foleni ambayo huweza kudumu siku kadhaa, kuna meza nyingi za biashara, na juu ya kila meza kuna uamuzi uleule wa kila asubuhi: kiasi gani kipangwe nje, na kiasi gani kibaki ndani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Agosti 2024. Kongo ilikuwa imezuia bia na vinywaji baridi vya Zambia visiingie, wasafirishaji wakaandamana, na Zambia ikajibu kwa kuufunga mpaka wake katika vituo vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, mpaka mazungumzo yaliporuhusu ufunguliwe siku chache baadaye. Mzozo ulihusu chupa, lakini lililofagiwa lilikuwa kila kitu, na dereva aliyebeba kitu kisichonyweka kabisa alijikuta ameadhibiwa kwa ajili ya soda. Katika kipindi kama hicho, aliyekuwa na mzigo wake wote upande wa pili alikaa akiutazama kwa mbali, ilhali mwenye magunia ghalani Lubumbashi, ambaye juzi tu alichekwa kwa woga wake, angeweza kupandisha bei kwa uso wa mtu anayesikitika pamoja na taifa. Madereva wa Kitanzania, ambao hufika Kasumbalesa kwa kupitia Tunduma na Nakonde, walikuwa wamelipata somo hilo mapema zaidi, kwani Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Zambia iliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde, na gari lililokuwa kilomita nyingi kabla ya Kasumbalesa likawa limefagiwa kabla hata halijashushwa mezani.

Swali la kitaalamu ni hili: mchezaji ashushe viumbe wangapi? Hesabu yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Viumbe wakiwa na nguvu tatu kila mmoja, wawili watahitaji zamu nne kummaliza mpinzani mwenye pointi 20. Watatu watahitaji zamu tatu. Wanne watahitaji mbili. Wa tano, hata hivyo, hapunguzi hata zamu moja, na wa sita vilevile, kwa kuwa 18 bado si 20, na itabidi afike wa saba ndipo kazi iishe kwa zamu moja. Kwa hiyo kiumbe wa tano ni pambo, na ni pambo lenye gharama, maana karata ya kufagia ikishuka atakufa pamoja na wenzake ilhali angeweza kuwa mkononi akingoja kuanza vita upya. Pembezoni mwa foleni ya Kasumbalesa, kiumbe wa tano hujulikana kama trei ya pili ya mayai, ile ambayo haikuletwa kwa sababu mteja aliiulizia, bali kwa sababu meza ilionekana ina nafasi, na ambayo huwekwa ukingoni kabisa, upande uleule ambao lori linarudi nyuma likiongozwa na utingo mwenye imani kubwa kuliko macho yake.

Hata hivyo, wanaoshangilia tahadhari wangefanya vizuri kuutazama upande wa pili, ambao vitabu vya mikakati huupitia haraka mno. Mchezaji aliyewahi kufagiwa mara moja kwa uchungu huweza kugeuka kuwa kiumbe wa ajabu, anayeshusha karata moja yenye nguvu moja, akaketi nyuma yake akitabasamu kwa hekima, huku mkononi ameshika jeshi ambalo lingeitiisha nusu ya dunia. Kanuni zinasema kwamba mwisho wa zamu yake hawezi kubaki na karata zaidi ya saba, na kwa hiyo mtu huyu hulazimika, zamu baada ya zamu, kulitupa jeshi lake mwenyewe askari mmoja mmoja, akijikinga na hasara kwa njia ya kuitekeleza mwenyewe. Mpinzani wake anaweza kuwa hana karata ya kufagia hata moja. Nchini Kongo, ambako noti ya dola yenye mchaniko wa upana wa unywele hukataliwa, ni rahisi kumkuta ndugu wa mchezaji huyo: mwenye kopo moja la nyanya juu ya meza ya mita mbili, mali yake iliyobaki ikiwa chini ya kitanda nyumbani, akiwalalamikia wapita njia kwamba biashara siku hizi haitembei. Wapita njia nao, kwa adabu, hudhani kopo hilo ni chakula chake cha mchana.

Kati ya hao wawili, yaani mwenye mayai na mwenye kopo, kuna nafasi ya kufikiri. Ikiwa mpinzani ameweka karata nne za kufagia katika fungu lake la 60, naye ameanza wa pili, basi kufikia zamu yake ya nne, ambapo kwa bahati ya kawaida atakuwa na ardhi nne za kulipia, ameona karata 11, na uwezekano wa kuwa amekwisha kuipata walau moja ni kama 57 kwa 100. Hiyo ni zaidi kidogo ya nusu, kiwango kinachotosha kumnyima mtu usingizi lakini kisichotosha kumpa uhakika. Wachezaji wazoefu hawajiulizi tu kama mpinzani anayo. Hujiuliza kama wao wanaweza kushinda hata akiwa nayo. Wakiweza, huzuia karata mbili tatu mkononi na kukubali kuchelewa kidogo. Wasipoweza, hucheza kana kwamba hana, wakashusha kila kitu, kwa kuwa kujikinga na pigo ambalo litakuua ukijikinga au usijikinge ni kupoteza muda wa watu wawili. Mama mwenye samaki wabichi hulijua hilo bila hesabu yoyote: mpaka ufungwe au usifungwe, samaki hatangoja, kwa hiyo wote hutoka nje.

Ipo pia njia ya kitu kisichofagika. Mwaka 1994 ilitoka karata ya Mishra's Factory, ambayo ni ardhi kama ardhi nyingine, lakini mwenyewe akilipa mana moja hugeuka kuwa kiumbe mpaka mwisho wa zamu, kisha ikarudi kuwa ardhi na kutazama pembeni. Wrath of God huchezwa katika zamu ya mpinzani, wakati ambapo kiumbe huyo hayupo, na huua waliopo tu. Kasumbalesa imelitekeleza wazo hili kwa toroli na beseni la kichwani: duka ambalo huwa duka pale mteja anaposimama, na ambalo anapotokea mtu mwenye filimbi na daftari huwa ni mama tu anayepita na beseni lake, akielekea kwa shemeji. Mwenye kibanda cha mbao, aliyepiga misumari na kupaka rangi ya buluu, humwonea wivu.

Ufagiaji mwingine hutoa taarifa, na hapo ndipo ucheshi wa binadamu hukamilika. Karata ya Nevinyrral's Disk, ambayo jina lake ni la mwandishi Larry Niven likisomwa kinyumenyume, huingia mezani ikiwa imelazwa ubavu, maana yake haiwezi kutumika mpaka zamu ijayo ya mwenyewe. Mpinzani ana zamu nzima ya kuitazama na kujiandaa. Wapo wanaoitazama na bado wakashusha kiumbe mwingine. Wasidharauliwe na yeyote aliyewahi kuishi Haut-Katanga katika majira ya mvua, ambapo kati ya Novemba na Machi wingu jeusi husimama upande wa Chililabombwe kwa muda wa kutosha kabisa kukunja turubai, na muda huo wote hutumiwa kubishana kama wingu hilo linakuja au linakwenda Ndola.

Lakini aina ya ufagiaji iliyo ghali kuliko zote ni ile isiyogharimu mana hata moja. Mchezaji mwenye ardhi nne zilizosimama, ambaye mkononi hana kitu isipokuwa ardhi nyingine, anaweza kuzitazama karata zake, akavuta pumzi, akampa mpinzani zamu bila kucheza chochote, na mpinzani akaogopa kushusha jeshi kwa sababu ya pumzi hiyo. Mpakani pumzi hiyo huitwa uvumi. Kwa kuwa Zambia imewahi zaidi ya mara moja kuzuia mahindi yake yasivuke, inatosha mtu aseme, akiwa ameegemea lori na kwa sauti ya kujali, kwamba amesikia unga hautapita wiki ijayo, na kufikia saa sita mchana magunia huwa yamerudishwa ndani, na bei ya kipimo huwa imepanda hadi Lubumbashi. Msema maneno naye, ambaye hakuwa na gunia lolote la kuuza na alikuwa akizungumza ili kuuchangamsha mchana, hurudi nyumbani jioni, akaambiwa na mkewe kwamba hakuna unga wa bukari, na akatoka tena kwenda kuununua kwa bei yake mwenyewe.