Suruali Iliyokula Godoro la Dani

Mwenzangu uliyeoa, hebu niambie: kwako nani anachagua suruali yako? Usijibu kwa sauti, mkeo asije akasikia. Mimi zamani nilikuwa najichagulia mwenyewe. Hiyo ilikuwa kabla ya ile moramu.

Nafundisha shule moja ya kijijini wilayani Butiama, naishi Mwigobero, hapa Musoma. Kwa hiyo kila alfajiri nawasha pikipiki, naiacha harufu ya dagaa nyuma yangu, navuka barabara kuu ya Mwanza–Sirari pale Makutano, naendelea mbele. Siku hiyo kulikuwa na moramu imemwagika kwenye kona. Mwendo wenyewe haukuwa wa kusimulia, lakini pikipiki ililala upande, nami nikalala nayo, tukateleza pamoja kama wachumba. Kichwa kilikuwa salama ndani ya helmeti. Kadeti yangu ya bluu, ile ya vikao vya wazazi, ilifunguka gotini kama bahasha. Na nilipoinuka haraka haraka ili wanafunzi wasijue mwalimu ameumia, nikaegemeza shavu la mguu wa kulia kwenye ekzosi.

Unalijua hilo kovu. Pikipiki zetu nyingi ekzosi iko kulia, ndiyo maana nusu ya Musoma ina alama nyeusi upande wa ndani wa mguu wa kulia, kama mhuri wa posta. Mimi nilikuwa nawacheka abiria wanaoshukia upande huo. Sicheki tena.

Nyumbani nilipokelewa na Afisa Forodha. Huyo ni mama mkwe wangu, watoto wanamwita Dani. Nimempa cheo hicho, kimoyomoyo, kwa sababu hakuna mfuko unaoingia wala kutoka kwangu bila yeye kuukagua. Alivuka kwa boti kutoka Kinesi kuja kututembelea wiki mbili; wiki mbili hizo sasa zina miezi saba. Kwa mila za Kijaluo mama mkwe halali ovyo nyumbani kwa mkwewe, nami nililitaja hilo kwa adabu kubwa. Akanijibu kwamba mila zilikuta boti imejaa, zikabaki ng'ambo.

Dani akaagiza yai bichi lipakwe kwenye jeraha. Mke wangu, Nyar Kinesi, akasema dawa ya meno. Shemeji yangu, ambaye huwa hapiti mbali na sufuria letu, akataja kitu kinachopatikana kwa mafundi gereji tu. Nilifika zahanati nikinukia kama chapati mayai iliyopiga mswaki. Muuguzi akaniuliza ninakoishi. Nikamwambia Mwigobero. "Jeraha la moto linataka maji safi yanayotiririka, dakika 20, basi. Na wewe unakaa kando ya Ziwa Victoria unapaka mayai?" Sikumwambia mayai yalikuwa ya nani.

Usiku huo kikaitishwa kikao cha mguu wangu. Nilikaribishwa kama msikilizaji.

Nyar Kinesi aliamua kwamba sitapanda tena pikipiki bila suruali ya maana. Dani akapinga. Alisema Mwalimu Nyerere alitoka Butiama mwaka 1934 kwenda kusoma Mwisenge, hapa hapa Musoma, mwendo mrefu, na hakuvaa pedi ya goti. Nikanong'ona kwamba Mwalimu alikwenda kwa miguu. "Ndiyo," akasema Dani, "na wewe nani kakuzuia?"

Hapo akaingia Msomi. Ndiye Magesa, mzaliwa wangu wa kwanza, yuko kidato cha tatu, na ana simu yenye bando kubwa kuliko yangu. Akatueleza kwamba Ulaya suruali za pikipiki zinafanyiwa mtihani: zinaburuzwa kwenye kitu kikali kama barabara, zinavutwa mshono, halafu zinapewa daraja. Za juu kabisa ni AAA, zinafuata AA, kisha A. Na B ni zile ambazo kitambaa kinafaulu kama cha A lakini hazina pedi ndani. Akaiokota kadeti yangu, akaichungulia kupitia tundu la goti, akaniona upande wa pili. "Hii, Baba, ni divisheni ziro."

Akaongeza habari ya uzi unaoitwa Kevlar, uliogunduliwa mwaka 1965 na mkemia wa Kimarekani, Stephanie Kwolek, wakati anatafuta kitu chepesi cha kuimarisha tairi. Sasa unafumwa kwenye suruali za waendeshaji na kwenye fulana za kuzuia risasi. Nyar Kinesi alisikia neno moja tu katika maelezo yote hayo. "Mwanamke," akasema, akanitazama mimi, sijui kwa kosa gani.

Ajabu ni kwamba trafiki kila mara anaangalia kama nina kofia ngumu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza suruali. Kichwa kina serikali. Miguu imeachiwa ukoo.

Shemeji ndiye aliyejitolea kuleta dawa. Jina lake la nyumbani ni Belo, kwa sababu anauza mitumba, na kila tatizo la dunia kwake lina jibu ndani ya belo ambalo halijafunguliwa. Jumamosi akaja na suruali ya ngozi. Nyeusi, inang'aa, zipu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Akaomba shilingi 15,000, bei ya shemeji, ambayo nimeshajua huwa inazidi bei ya mteja kwa elfu tatu.

Msomi akaibinya kwa vidole na kusema ngozi ya pikipiki inatakiwa iwe na unene wa milimita 1.2 hivi au zaidi, na hii ni ya kwendea disko. Hakuna aliyemsikiliza. Nikaingia chumbani kuijaribu.

Kuingia, iliingia. Niliivuta nikiwa nimelala chali, nimezuia pumzi, saa saba mchana, joto la Musoma unalijua, bati linalia juu. Kutoka ndiko kulikokataa. Jasho liliigandisha ngozi ile kwenye ngozi yangu mpaka sikujua ipi ni ya ng'ombe. Belo akashika mguu mmoja, Nyar Kinesi mwingine, wakavuta. Tulichofanikiwa ni kusogeza kitanda. Kasuku, binti yangu wa miaka sita ambaye neno haliwezi kulala ndani ya kinywa chake, akatoka mbio mpaka kwa wauza samaki: "Baba amekwama! Baba amekwama kwenye suruali!" Walikuja watu watano. Wawili walikuwa na visu vya kuparia sato, wakajitolea.

Dani akafika mlangoni. Kwa heshima, kwa kuwa mama mkwe hapaswi kumwona mkwewe katika hali ile, akajifunika uso wote kwa kanga. Kisha, kutoka ndani ya kanga, akaanza kuongoza kazi. "Mimina mafuta ya kula kiunoni. Siyo hapo, chini kidogo." Mpaka leo najiuliza aliona kupitia wapi.

Lita nzima ya alizeti ilikwisha ndipo ikatoka. Ile suruali inamkaa Nyar Kinesi kama iliyopimwa kwake, anaivaa chini ya kitenge akienda mwaloni alfajiri kwenye baridi. Sijarudishiwa 15,000.

Ikabidi twende kwa fundi cherehani, mzee mmoja anayeshonea barazani hapo sokoni. Mpango ulikuwa wa Msomi: tununue jinzi nzito ya pamba, siyo hizi zinazovutika kama chingamu, fundi ashone mifuko kwa ndani magotini na nyongani, tutie pedi. Kwa hili nakiri tulijifunza kitu. Fundi alinipima nimesimama. Nilipokaa kwenye pikipiki suruali ikapanda, ndiyo kawaida ya suruali, pedi ya goti ikaenda kukaa pajani na soksi zikaonekana zote. Ikabidi pikipiki ipandishwe barazani, nikae juu yake nimeshika usukani, fundi apime upya, huku wateja wake wakiuliza kama amefungua gereji.

Pedi zenyewe nilimwachia Msomi. Nilimpa hela, sikumuuliza amezipata wapi. Ndugu yangu, baba anayempa mtoto hela bila kuuliza ameshakula njama.

Siku tatu nilikwenda kazini nikiwa shujaa. Magoti yamevimba kama ya tembo, lakini laini, ya starehe. Siku hizo hizo Dani akaanza kulalamika kwamba usiku nyonga inazama, kwamba uzee umemfika, tumwandalie safari ya kwenda kufia Kinesi. Mke wangu akalia. Mimi nikanunua soda, nikaificha furaha.

Siku ya nne mvua ilinikuta njiani. Zile pedi zilikunywa maji yote ya Mara. Nilipoketi ofisini kwa walimu, kila nikikunja goti maji yalichuruzika, na mwalimu mkuu akasogeza daftari la mahudhurio, hakusema kitu. Jioni Nyar Kinesi akazitoa zikauke, akazianika kambani: vipande vinne vya sponji, rangi ya njano iliyokolea.

Forodha ikapita kambani.

Dani alichukua kipande kimoja, akakibinya kwa kidole gumba. Kidole kikapita mpaka upande wa pili bila upinzani, na hiyo, Msomi alikiri baadaye, ndiyo dalili kwamba pedi haitakulinda na chochote. Akakinusa. Akaingia chumbani, akanyanyua shuka, akakiweka kwenye shimo lililokuwa ubavuni mwa godoro lake. Kikaenea sawasawa.

"Yaye!" akasema. Halafu kimya kirefu.

Hela niliyokuwa nimeanza kuweka ya pedi halisi ilinunua godoro, tano kwa sita, inchi nane, kwa sababu mgonjwa wa nyonga hawezi kulala kwenye inchi sita. Safari ya Kinesi ikafutwa. Nyonga imepona kabisa, na godoro kama hilo huwezi kuliacha.

Mimi sasa navaa ile jinzi nzito, gambuti, na chini yake vile vikinga vya plastiki wanavyovaa wachezaji wa mpira ndani ya soksi. Ni vya Msomi, ananiazima. Kila alfajiri Afisa Forodha ananisimamisha mlangoni, amejifunika kanga usoni, ananiambia nipandishe suruali avione kabla sijawasha pikipiki. Jumamosi Msomi ana mechi, kwa hiyo Jumamosi siendi popote.