Namna ya Kutoa Krismasi Hii Bila Kula Hasara

Anza na fulana. Wengi hukimbilia kununua mchele, wakija kushtuka hela ya fulana imekwisha, na hapo sadaka nzima imeharibika: nani atajua mchele ule ni wa nani? Jina likae kifuani na mgongoni, maana huwezi kujua mpigapicha atasimama upande gani. Bango nalo liwe kubwa. Chenji ndiyo ya mchele.

Chenji ikiwa ndogo, usijisumbue. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio lao: watu walipewa dola 5 au 20, baadhi wakaambiwa wajinunulie vitu, wengine wazitumie kwa mtu mwingine. Jioni, waliotoa walikuwa na furaha kuliko waliojinunulia. Utamu uko hapa: kiasi hakikuleta tofauti. Sasa katoni nzima ya sabuni ya nini, ikiwa mche mmoja unakupa usingizi uleule?

Mwenye biashara ana raha zaidi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya 2004 inamruhusu kutoa mchango wa hisani kwenye hesabu ya mapato kabla ya kodi, mradi usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Tunza risiti. Mbinguni wana kumbukumbu zao. TRA wanataka karatasi.

Kituo cha watoto kichague kwa kuangalia barabara, Desemba mvua haina adabu. Ukifika ukakuta kundi jingine linakunja bango lao, na la tatu linasubiri ndani ya Coaster, vuta subira. Watoto wanaijua kazi: watapanga mstari, wataimba, watapiga makofi matatu kabla hawajaombwa, huku matumbo yamejaa juisi ya waliotangulia.

Kisha picha, ambayo ndiyo shughuli yenyewe. Mfuko wa mchele wa kilo 25 ushikwe na watu wanane. Najua kijana wa darasa la saba angeubeba peke yake hadi stoo, lakini yeye hana fulana. Mama mlezi auguse kwa vidole tu, na asiachiwe mpaka mpigapicha aseme tayari. Mgeni rasmi acheke kwa kiasi, asije akaonekana amefurahia umaskini wa watu.

Watakuwepo wa kukukumbusha kwamba Biblia na Qurani zote zinaisifu sadaka ya siri. Waambie mkono wako wa kushoto haukujua lolote, ulikuwa umeshika simu.

Hatari kubwa huja wakati wa kuaga. Mama mlezi atakuvuta pembeni, akushukuru sana, kisha aseme kwa unyenyekevu kwamba mchele wa mwezi huu umetosha, ila umeme unakatika kila wiki, mlinzi hajalipwa, na Januari watoto wanahitaji sare na madaftari. Kuwa imara. LUKU ni tarakimu 20 kwenye simu, watu wanane watazishikaje? Na mshahara wa mlinzi, ukishaupiga picha, unafanana na mshahara wa mtu yeyote. Mjibu kwamba umepokea changamoto hiyo na utaifanyia kazi.

Akikupigia Februari, pokea. Kutopokea ni utovu wa nidhamu. Mwambie uko kwenye kikao, mnapima fulana za Pasaka.