Sifa za Mlinzi Mwenye Vitufe 12

Katika majengo ya Dar es Salaam hakuna mtumishi anayetukanwa kuliko kile kidude cha vitufe 12 kilichobandikwa kando ya mlango. Kina tarakimu kumi, nyota na reli, vitaa viwili na mlio mmoja. Bosi aliyechelewa hukipiga ngumi. Mama mwenye mifuko mikono yote miwili na mtoto mgongoni hukiapiza. Hakuna aliyewahi kukishukuru, hata siku kilipomfungulia mvua ikimfukuza. Huo ni utovu wa fadhila, na kwa kuwa chenyewe hakina mdomo wa kujitetea, nitakisemea mimi.

Tuanze na haki. Mlinzi wa kibinadamu hupiga saluti gari la mwenye nyumba likiwa bado barabarani, kisha akamgeukia fundi bomba na kumhoji mpaka jina la bibi yake. Kidude hakina mambo hayo. Mkurugenzi na mfagizi wote kinawasimamisha, wote kinawadai tarakimu nne na reli. Mkurugenzi akikosea, kinamwashia taa nyekundu mbele ya watu wake. Akizidi kukosea, kinajifunga kwa muda na kumnyamazia, na hapo “unanijua mimi ni nani?” haisaidii kitu. Hakimjui kweli.

Tarakimu nne zenyewe zina ukoo wa heshima, maana zilitoka jikoni. John Shepherd-Barron, aliyeongoza kazi ya kuunda mashine ya kutolea pesa ambayo Barclays waliizindua Enfield, London, mwezi Juni 1967, alisimulia kwamba yeye alifikiria tarakimu sita, kama za namba yake ya jeshini. Mkewe Caroline, wakiwa mezani jikoni, akamwambia kichwa chake kinashika nne tu. Zikawa nne. Wapo wanaompa sifa ya namba ya siri James Goodfellow wa Scotland, aliyeiombea hataza mwaka 1966, na wana hoja nzito. Ila Goodfellow hana kisa cha jikoni.

Tarakimu nne hutoa namba 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Mwizi angekesha. Lakini kidude kina huruma hata kwa mwizi. Kwenye mlango wetu wa chini, kitufe cha 1 kimeng’aa kwa mafuta ya vidole, cha 6 kimefutika nusu, cha 9 kimebaki mkia tu. Vya 3, 7 na 8 ni vipya, havijaguswa tangu vifungwe. Aliyesoma historia ya Tanganyika hahitaji kupiga hesabu. Asiyeisoma ana namba 36 za kujaribu, kwa sababu hajui ni kitufe kipi kinachobonyezwa mara mbili. Kama vingechakaa vitufe vinne, angekuwa na namba 24 tu. Kwa hiyo aliyechagua mwaka wa Uhuru alituongezea ulinzi wa namba 12 nzima. Uzalendo una faida zake. (Wala msidhani natoboa siri. Muuza maji ya dumu anaijua namba hiyo, na dumu lake nadhani linaijua pia.)

Waliokitengeneza walikusudia mengine kabisa. Walitaka kila mtu awe na namba yake. Vidude vya kawaida hubeba watumiaji mamia, na kuwaingiza si kazi kubwa: kwenye vingi unabonyeza nyota, namba kuu, reli, kisha moja, nafasi ya mtumiaji, reli, mwisho namba ya siri ya mtu huyo, reli. Akihama unafuta nafasi yake peke yake, wengine hawaguswi. Kinachotakiwa ni daftari la kuonyesha nafasi ya 14 ni ya nani.

Daftari hilo ndilo halipo. Basi kwenye ofisi walizojitahidi kumpa kila mtu namba yake, hakuna anayethubutu kufuta nafasi yoyote, asije akamfungia nje mhasibu siku ya mshahara. Ndipo wanapozaliwa watumiaji hewa. Serikali mwaka 2016 ilihangaika kuwasaka watumishi hewa kwenye orodha za mishahara. Kidude kinawatunza wa kwake kwa mapenzi. Dada wa mapokezi aliyeacha kazi kabla ya Korona, mpangaji aliyehama na deni la maji, mume wa zamani wa fulani, wote wakija leo watawashiwa taa ya kijani. Ni ofisi gani nyingine inayokukumbuka hivyo?

Namba kuu nayo, ile yenye mamlaka ya kuongeza na kufuta watu, mara nyingi fundi huiacha ilivyotoka kiwandani: 123456, au 999999, iliyochapwa kwenye karatasi ya maelekezo. Wenye roho mbaya huita uzembe. Mimi nauita ukarimu wa fundi, ambaye hakutaka tumtafute tena.

Na sasa sumaku. Iko juu ya mlango, kipande cha chuma kisichovutia macho, na zile za kawaida hushikilia kwa nguvu ya kilo 280 hivi. Wanaume wawili wakivuta, mlango haustuki. Nguvu zote hizo zinakunywa umeme, na umeme ukikatika sumaku inaachia. Si ubovu, imeundwa hivyo ili moto ukizuka watu wasikwame ndani. Ipo betri ya akiba ya kuishikilia wakati wa giza. Ya kwetu ilikufa, na kikao cha kununua nyingine kinaahirishwa kwa kukosa akidi. Kwa hiyo umeme ukienda, mlango unajifungua wenyewe, taratibu, kwa upepo tu, saa ile ile ambayo mlinzi wa chuma angekazana. Paka wa jirani amekwisha kuijua ratiba ya mgawo.

Mlinzi wetu wa damu na nyama anaishi nacho vizuri. Akiwa na kikombe cha chai mkononi hasumbuki kuinuka; anampigia kelele kijana wa bodaboda aliyeleta chipsi, “Moja, tisa, sita, moja, malizia na reli!” Mtaa wa pili wanasikia. Siri iliyogawanywa hivyo haimwelemei mtu.

Pamoja na yote haya, katibu wa wapangaji amekuja na pendekezo la kufunga kidude cha alama za vidole. Amesahau foleni za kusajili laini za simu mwaka 2019, wazee na vibarua wa zege wakifuta vidole kwenye shati na kujaribu tena. Halafu kidole hakiazimwi. Mama mkwe akishuka basi la Tanga saa nne usiku nawe umekwama Mbagala, namba unamtumia kwa meseji. Kidole utamtumia na nani? Kikao ni Jumapili na nitapinga. Nikishindwa, ombi langu ni moja: yule mlinzi asajiliwe vidole vyote kumi, maana bodaboda wa chipsi wataendelea kuja.