Jinsi ya Kushusha Gari Mahali Ambapo Wenzako Wote Wanainua

Pita gereji yoyote kati ya Kiwira na Ushirika, utakuta mtu anainua gari. Spesa za alumini, raba zilizochongwa kutoka tairi la lori, springi za gari kubwa kidogo kuliko lake: kila mwenye kigari cha Kijapani anatafuta sentimita mbili tatu za kumfikisha Mwakaleli kabla mvua haijaamua vingine. Mwongozo huu si wa hao. Ni wako wewe uliyenunua Mark II ya mwaka 1998, ukaiosha, ukaitazama kwa pembeni, ukaona pua yake iko juu mno, ukasema moyoni: hii lazima ilale. Kwa nini, hatukuulizi. Mtu anayetaka kushusha gari Rungwe, wilaya ambayo mawingu ya Ziwa Nyasa yakigonga mlima yanamwaga maji karibu mwaka mzima, ameshapita hatua ya kuulizwa kwa nini.

Kwanza hakikisha hiyo pua iko juu kweli. Gari la Tukuyu lina maisha yake kabla yako. Huenda mwenyewe wa kwanza alilipakia ndizi za Kyimo kwenda Mbeya, mikungu imejaa buti na miwili mingine iko siti ya nyuma imefungwa mkanda. Wa pili akawa mtu wa viazi vya Isongole. Miaka kumi ya biashara hiyo, springi za nyuma zimechoka, matako ya gari yameshuka, na pua, bila kosa lolote, imeangalia angani. Wewe unafika na kusema mbele kushushwe ili kulingane na nyuma. Fundi hatakukatalia. Kazi ni kazi. Lakini sasa utakuwa na gari lililochoka nyuma na lililoharibiwa mbele, na kwa mbali litaonekana limenyooka, jambo ambalo wengi wanaridhika nalo.

Ukitaka kujua ukweli, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, ulinganishe na gari jingine la aina hiyo ambalo halijawahi kubeba mkungu. Usipime kwa vidole. Najua vijana wote wanapima kwa vidole vinavyoingia kati ya tairi na madigadi: vinne ni aibu, viwili ni sawa, kimoja ni heshima. Tatizo ni kwamba ukibadilisha tairi tu, hesabu ya vidole inabadilika wakati gari halijashuka hata milimita. Pia tafuta mahali tambarare pa kupimia. Hapa ndipo zoezi la wengi huishia, maana mji wa Tukuyu umekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na sehemu kubwa ya hizo mita ni miteremko. Wajerumani walipoweka boma lao hapa na kupaita Neu Langenburg, walikuwa wanatafuta hewa ya baridi. Springi hawakuzifikiria. Jaribu kituo cha mafuta, kabla hawajakufukuza.

Baada ya hapo utaambiwa habari ya kukata.

"Kaka, hiyo nakukatia koili moja tu, inakaa," fundi atasema, grainda tayari iko mkononi.

Muulize itashuka kiasi gani. Atakuonyesha kwa kidole gumba na cha shahada, na huo umbali kati ya vidole vyake hautakuwa uleule ukimuuliza mara ya pili. Basi mfanyie hesabu. Chukua springi ya mbele yenye koili 6 zinazofanya kazi na urefu wa sentimita 36 ikiwa imelala mezani. Kila koili inachukua sentimita 6, kwa hiyo unadhani ukikata moja gari litashuka sentimita 6. Haliendi hivyo. Springi hiyo ikiwa na ugumu wa kilo 2 kwa kila milimita, ukiitwisha kilo 300 za kona moja ya mbele inabanwa sentimita 15 na kubaki 21. Ikibaki na koili 5, urefu wake mezani ni 30, lakini sasa imekuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, inabanwa sentimita 12 na nusu tu, inabaki 17 na nusu. Gari limeshuka sentimita 3 na nusu: kimo cha koili moja jinsi ilivyobanwa chini ya gari, si jinsi ulivyoiona juu ya meza. Ndiyo maana fundi anakata moja, wanatazamana, halafu mwenye gari mwenyewe anasema, "Ongeza nusu." Ile nusu ndiyo inayojutiwa.

Hesabu hiyo inafaa kwa gari kama Corolla za AE100, ambazo springi imezunguka shokapu na vyote viwili vimesimama karibu na tairi. Mark II yako ya GX100 mbele ina mikono miwili, wa juu na wa chini, na springi imekanyaga mkono wa chini kwa ndani kidogo. Springi ikipungua sentimita 2, tairi linapanda zaidi ya hizo 2. Mwenzako mwenye Corolla akikwambia yeye alikata koili moja na ikakaa vizuri, mpongeze na usimwige.

Kuna jambo jingine kuhusu kukata ambalo halionekani hadi gari liinuliwe kwa jeki. Ncha ya springi ilitengenezwa ikae kwenye kikombe chake, mahali pengine imesawazishwa, mahali pengine imejikunja ndani. Grainda haijui hayo. Ncha iliyokatwa inakaa upande, inaegemea, inagongana na kikombe kila unapokata kona, na utatumia mwezi mzima kubadilisha bushi na boli jointi ukitafuta mlio ambao uliulipia mwenyewe.

Bado afadhali grainda kuliko gesi. Njia ya gesi ni nzuri kuitazama, hilo lazima tukubali. Springi haifunguliwi hata. Fundi anaingiza moto kati ya tairi na madigadi, chuma kinaanza kuiva rangi ya cheri, na gari lote linashuka taratibu kwa heshima, kama ng'ombe anayepiga magoti. Watoto hupiga makofi. Ila chuma cha springi kinapata nguvu zake kiwandani kwa kuchomwa, kupozwa ghafla na kuchomwa tena kwa kipimo. Ukikiunguza kienyeji, pale ulipounguza hakiwi springi tena, ni nondo iliyopindwa. Kitaendelea kushuka chenyewe bila malipo ya ziada, upande mmoja kuliko mwingine, mpaka siku kitakapokatika. Kwa kawaida ya vitu hivi, siku hiyo utakuwa kwenye mteremko wa kwenda Kyela.

Basi tuseme umekuwa mtu mzima na umeamua kununua. Utakwenda Mbeya, Mwanjelwa au Kabwe, au utaagiza Dar es Salaam, na utaoneshwa rundo. Muuzaji atakuuliza unataka ya kushuka inchi ngapi, nawe utajibu, na hapo mmeshakubaliana kuongea kuhusu kitu kisichokuwapo. Springi haina inchi za kushuka. Ina unene wa waya, idadi ya koili, upana wa duara na urefu ikiwa huru. Kushuka ni matokeo ya hivyo vyote kukutana na uzito wa gari lako. Na kati ya hivyo vinne, ulio mkali kuliko vyote ni unene wa waya, kwa sababu ugumu unapanda kwa unene huo ukizidishwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 12 na wa milimita 13 ukiwa dukani huwezi kuzitofautisha kwa macho. Barabarani, koili na duara zikiwa sawa, wa 13 ni mgumu zaidi kwa karibu asilimia 38. Nenda na kipimo. Muuzaji atakucheka, mwache acheke. Wewe pima kwanza ile iliyotoka kwenye gari lako, ndipo uguse za kwake.

Tazama pia namba kama ipo. Toyota springi za mbele huanza na 48131 na za nyuma 48231, kwa hiyo ukiletewa 48231 ukaambiwa "zinaingiliana", jibu linalofaa ni kunywa chai kwanza. Alama za rangi zilizopakwa kwenye koili hazikuwekwa kwa urembo: kiwanda kinatofautisha kwazo springi za gari lile lile lenye injini nzito na lenye injini nyepesi. Na hapa kuna siri ambayo wauza springi za rangi hawaipendi. Mwenye gari lenye injini ya dizeli, ambayo ni nzito, mbele kwake kuna springi ngumu kuliko za mwenye petroli ndogo. Ukitaka gari lishuke kidogo, kistaarabu, tafuta springi za kiwanda za toleo lenye injini nyepesi. Zitashuka sentimita moja na ushee, hakuna atakayegundua, na ndiyo maana hakuna anayezinunua.

Wengi wanataka zile za kijani. Kampuni ya TEIN ya Japani hupaka springi zake kijani, na kopo la rangi ya kijani linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Tukuyu hadi Tunduma. Kwaruza kwa ukucha. Ukikuta kijani, chini yake nyeusi, chini yake kutu, rudisha kwa adabu. Kutu yenyewe iangalie sana: spea nyingi za mtumba zimetoka mikoa ya Japani ambayo barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na tundu dogo la kutu ndipo springi huanzia kukatika. Nunua pea iliyotoka gari moja. Ukipewa moja ya huku na moja ya kule, gari litasimama kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Kisha kuna yule atakayekuletea seti kamili ya mtumba iliyovuliwa kwenye gari la mashindano, shokapu na springi pamoja, imeandikwa 8K. Hiyo K ni kilo kwa milimita. Gari dogo la kawaida hutoka kiwandani na kama kilo 2. Nane ni mara nne, na ilikusudiwa uwanja uliolainishwa. Ukifunga hiyo ukapita kwenye rasta za lami ya kuingia mjini, utaweza kuzihesabu moja moja. Ukiacha lami kuelekea Masoko au Ikuti, utahesabu na mawe.

Kabla hujalipa, ukishafunga, inua gari kwa jeki hadi tairi lining'inie, halafu shika springi utikise. Ikicheza mkononi, ni fupi kuliko mnyoosho wa shokapu yako. Wenye haraka husema si kitu, gari halitembei likiwa juu ya jeki. Tairi linaning'inia kila linapodumbukia shimoni, na mashimo, wilaya hii haijawahi kutuangusha. Springi iliyolegea inahama kikombe, na inaporudi hairudi ilipokuwa. Halafu shusha gari, tazama ile raba inayozuia shokapu kugonga mwisho. Ikiwa imebaki nafasi ya kidole tu, basi huna springi tena. Unaendesha juu ya raba, na kila tuta utaliongelea nyumbani.

Baada ya hapo kuna kupima magurudumu. Mbele kukishuka, matairi yanalalia ndani na uelekeo wake unabadilika, kwa hiyo yatakula upande usiouona. Nje yatakuwa na meno, ndani kipara. Ukishindwa kupata mashine karibu, nenda Mbeya, ila elewa kwamba kilomita 70 hivi za kwenda ni kilomita 70 za kula tairi. Taa nazo zimeinama; umemulika vidole vyako vya miguu, na ukungu wa Isongole saa moja jioni hautaki mzaha. Zirekebishe. Wiki ya Nenda kwa Usalama trafiki huinama kutazama matairi, na gari lililolala humfanya ainame kwa muda mrefu zaidi.

Kuhusu sampo hatutasema mengi. Magari haya mengi yalitoka kiwandani yakiwa na sentimita 15 hivi kutoka ardhini. Toa tano ulizopunguza kwa raha zako. Toa na ndizi, kwa sababu shemeji yako atakuomba umpitishie mkungu mmoja tu, na watu wa huku hawakatai, wala mmoja haujawahi kuwa mmoja. Kilichobaki ndicho utakachokwenda nacho kwenye udongo mwekundu wa kijijini, ambao ukilowa unateleza na ukikauka unaacha tuta katikati ya njia, kimo chake kimepimwa na malori ya chai.

Ikifika hapo, usikate tamaa na usinunue spesa. Mpigie mtu wa Kyela. Kule ni tambarare, mashamba ya mpunga pande zote, na kijana wa Kyela akiona gari limelala anapenda. Litelemshe asubuhi, likiwa tupu, wakati wa kiangazi. Likague kwa chini kabla hujaondoka, ufute mafuta. Akiuliza mlio wa mbele ni wa nini, mwambie ni bushi, kitu kidogo, na gari lilikuwa la mwalimu.