Heko, Waya Uliochubuka

Masultani wametungiwa sifa, majahazi yamesifiwa, hata mnazi umepata wa kuusemea. Waya wa sensa uliochubuka ndani ya lori la jeshi haujapata hata neno moja la shukrani, na dhuluma hiyo leo naikomesha. Nasema hivi nikiwa huku Texas, mmiliki wa lori la M1078 lililotoka kwenye mnada wa mali iliyostaafu ya Jeshi la Marekani, mtu ambaye Jumamosi zake zote sasa ni za waya huo.

Nasaba ya lori lenyewe si haba. Asili yake ni Steyr 12M18 ya Austria. Mkataba wa kuliundia Jeshi la Marekani ulitolewa mwaka 1991, na kazi ikafanyika Sealy, mji mdogo magharibi ya Houston. Toleo la kwanza lilikuwa na injini isiyo na kompyuta: mpe dizeli, mpe hewa, anakwenda. Kisha likaja toleo la A1, injini ya lita 7.2 inayotawaliwa na kompyuta, yaani kontroli boksi, na hapo ndipo shujaa wetu alipopata ajira.

Sifa yake kuu ni mshikamano. Kontroli boksi hugawa umeme wa volti 5 kwa sensa za presha: ya oili, ya tabo, ya hewa ya nje, na ya ile oili inayosukuma nozeli. Zote zinakula sahani moja. Waya mmoja ukichubuka ukagusa bodi, volti zinaanguka kwa wote kwa mpigo, na sensa ambazo jana zilikuwa nzima leo zinatangazwa mbovu kwa pamoja. Fundi anaanza kuhoji. Anachomoa soketi ya kwanza, volti hazirudi. Ya pili, hazirudi. Anachomoa zote, na volti bado ziko chini! Kumbe hakuna sensa hata moja iliyokosa. Zote zilibeba lawama kumsitiri waya. Nioneshe kamati ya bunge yenye wajumbe wa namna hiyo. Nioneshe baraza la mawaziri ambalo hesabu zikipotea wote wanasimama na kusema, "Ni mimi." Azimio la Arusha lilihubiri ujamaa mwaka 1967, waya huu unautekeleza chini ya kebini bila mkutano wala kadi ya chama. Napendekeza ufundishwe katika somo la uraia, upewe likizo yenye malipo, na mabaki ya plastiki yake yawekwe makumbusho.

Una haya pia. Kebini ya lori hili huinamishwa mbele ili uione injini, na fungu la nyaya hujikunja na kujinyoosha papo hapo. Kebini ikiwa chini, hitilafu ipo. Ukiiinua ili utazame, waya unanyooka, unaachana na chuma, unapona. Ukiishusha, unaugua tena.

Una ukarimu. Binamu yake, ule unaoleta umeme wa betri, hata akibakiwa na uzi mmoja wa shaba, multimita itakuonesha volti 24 kamili. Mfungie taa ya mbele uone volti zinavyokimbia. Una unyenyekevu: nje plastiki inang'aa, ndani shaba imekuwa unga wa kijani. Na ile skrubu ya Allen inayobana soketi ya kontroli boksi, nani hasa aliiweka mahali pale? Alikuwa na mkono wenye viwiko vingapi? Alishawahi kuombwa aifungue mwenyewe, jua la Agosti likiwaka, oili ikimchuruzikia kwenye kwapa?

Samahani. Turudi kwenye sifa.

Waya wenyewe hauna makosa. Umechakaa kwa kulitumikia taifa, na tiba yake ni senti chache za shaba na kipande cha mpira wa kuziba. Karakana moja yenye kapeti ofisini ilichomeka kompyuta yake, ikasoma kodi ya hitilafu, ikaniambia kontroli boksi imekufa, ninunue nyingine kwa maelfu ya dola. Hakuna aliyeshika multimita. Kodi ilisema volti ziko chini. Haikusema boksi limekufa. Hilo walilitunga wao, na ankara ya uchunguzi wakaichapa.

Nikakimbilia kitabu cha jeshi. Kinakuongoza kwa adabu, pima hapa, kisha pale, na maswali yakiisha bila jibu kinakuamuru utoe taarifa kwa ngazi ya juu ya matengenezo. Ngazi ya juu yangu ni nani? Mke wangu nilishamtaarifu.

Bado programu ya kuongea na injini, inayouzwa kwa leseni, na baadhi ya mabadiliko yanadai nywila kutoka kiwandani. Lori hili halina hata ufunguo wa kuwashia. Askari hatafuti ufunguo risasi zikilia, anazungusha swichi tu. Chuma kiko wazi kwa kila mpita njia. Kilichotiwa kufuli ni maelezo yake.

Wakulima wa Colorado walichoka mapema na kufuli za namna hiyo: sheria ya mwaka 2023 inawalazimu watengenezaji wa mashine za kilimo kuwapa vifaa na maelezo ya kujitengenezea. Na tarehe 30 Aprili 2025 Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth alitoa waraka unaoagiza haki ya kujitengenezea iingizwe katika mikataba ya Jeshi. Kumbe ile ngazi ya juu niliyoambiwa niitaarifu nayo ilikuwa kwenye foleni, imeshika kofia mkononi.

Basi nawe ukishawishika na bei ya mnada, tafuta kwanza mchoro wa nyaya wa toleo lile lile unalolinunua. Lori lipo tele. Mchoro ndio wa kugombaniwa.