Simba Wasio na Kesi

Mlangoni pa Art Institute ya Chicago wamesimama simba wawili wa shaba, kazi ya Edward Kemeys. Wapo kazini tangu 1894 na hawajamkwaruza hata mwizi wa mwavuli. Basi wanatunzwa! Krismasi huvikwa mashada. Timu ya mji ikitamba, huvalishwa kofia za wachezaji. Mwaka 2022 walinyanyuliwa kwa winchi, wakapelekwa kuogeshwa na kupakwa nta. Mzee gani wa kwetu mwenye miaka hiyo amewahi kubebwa hivyo hata kufika zahanati?

Mwendo mfupi kutoka hapo, ndani ya Field Museum, wako simba wala-watu wawili wa Tsavo, Kenya, waliosimamisha ujenzi wa daraja la reli mwaka 1898. Hao walifanya kazi. Malipo yao: risasi za Patterson, msimamizi wa ujenzi huo, kisha miaka ishirini na ushei wakiwa mazulia sakafuni kwake, hadi akawauza dola 5,000 mwaka 1924. Leo wamefungiwa kiooni.

Halafu hawana manyoya ya shingo. Kwa sura ile, ulinzi wa mlangoni nani angewapa?