Mwalimu, Kalia Mikono Yako

Unataka kuandaa warsha ya uprogramu wa fanksheni kwa watu ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja? Anza na mwalimu. Mkalishe kitini, mwambie aweke viganja chini ya mapaja na asivitoe mpaka saa ya chakula. Kibodi ni ya mwanafunzi. Mwalimu akishaishika, “ngoja nikuoneshe kidogo tu,” mwanafunzi hugeuka mtazamaji, kama mtoto aliyenyang’anywa mwiko jikoni.

Ila kabla hajakaa, mpekue mlangoni. Neno la kitaalamu “monadi” aliache nje pamoja na viatu. Mwanamantiki Alonzo Church na hesabu yake ya lamda ya miaka ya 1930 nao wasubiri barazani. Watakaribishwa wiki nyingine, tena kwa heshima zote, maana bila Church shughuli hii isingekuwepo.

Kazi hii watu wa ClojureBridge, mradi wa kufundisha lugha ya programu ya Clojure, wanaijua. Walianza Marekani mwaka 2014, wakifuata nyayo za mradi uliotangulia wa RailsBridge, na warsha zao ni za bure, zikiwalenga wanawake na wengine ambao fani hii imewapa kisogo kwa muda mrefu. Ijumaa jioni ni ya kusakinisha programu tu, kompyuta moja baada ya nyingine. Usiidharau jioni hiyo. Kompyuta ikigoma Jumamosi asubuhi, mgeni huamini kwamba kichwa chake ndicho kilichogoma. Chakula kiwepo. Na ukitaka akina mama waje, tafuta mtu wa kuangalia watoto, kwa sababu tangazo la “wote mnakaribishwa” halimbebi mtoto mgongoni.

Somo lenyewe lifundishe kwa machungwa, ya kweli, kapuni. Kutoa mabovu ni fanksheni ya kwanza. Kukamua kila lililobaki ni ya pili. Kumimina yote kwenye jagi moja ni ya tatu. Sasa waambie la ajabu: kwenye Clojure, ukishamaliza kukamua, kapu lako lingali limejaa machungwa yaleyale, na mabovu yamo. Data ya mwanzo haiguswi, kila hatua huzaa kitu kipya. Waache wacheke, wabishane, wayale hayo machungwa.

Mabano ya Clojure yatawatisha. Andika (+ 2 3), uwaoneshe kwamba ishara imetangulia kama kitenzi cha amri: jumlisha 2 na 3. Mswahili hapo hana la kuogopa, ndivyo asemavyo siku zote. Hata (* 4 (+ 2 3)) inasomeka: zidisha 4 kwa jumla ya 2 na 3. Wataipata 20 kabla kompyuta haijajibu.

Halafu mlete kobe. Katika masomo ya ClojureBridge yupo kobe wa kwenye skrini anayechora mstari kila anapotembea. Mbele 40, kulia nyuzi 90, mara nne, na mraba umekamilika. Lakini bano moja likisahaulika, kobe hasogei wala hasemi kitu. Mwanafunzi atageuka kukutazama. Vidole vitakuwasha. Vikalie. Muulize tu: “Umefungua mangapi, umefunga mangapi?” Atahesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikicheza, atarudi nyuma, atahesabu tena. Atabonyeza. Kobe atanyanyuka.